Daktari wa Pua Anajibu: "Naogopa Hata Kufuta Kamasi"

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuhusu jambo moja: watu waliokwisha kupasuliwa pua, hawakuridhika, na sasa hawajui kama warudi mezani au waache. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba karibu maswali yote ya wengine.

Shikamoo Mama Daktari. Nina miaka 31. Miezi 9 iliyopita nilipasuliwa pua kuondoa nundu ya mgongo wa pua na kuifanya nyembamba kidogo. Plasta ilipotolewa nilifurahi sana, furaha ya wiki chache. Sasa nikivuta pumzi kwa nguvu, kwa mfano nikipanda ngazi, pua upande wa kulia inaingia ndani na kuziba. Usiku nalala mdomo wazi. Kwenye mgongo wa pua, pale mifupa inapoishia, kumejitokeza mstari kila upande, kama kivuli cha herufi V iliyopinduliwa. Na ncha imekuwa laini mno, nikiibonyeza inalala, nikiiachia inarudi. Naogopa hata kufuta kamasi. Aliyenipasua anasema nisubiri. Daktari mwingine anasema mwezi ujao ataniwekea silikoni na mambo yataisha. Dada yangu anasema niiache nisije nikaharibu zaidi. Je, pua yangu inaweza kuporomoka? Nisubiri hadi lini? Na hili la kukata ubavu ili kutengeneza pua ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi iliyonishika ni ile ya kamasi. Tuanze nayo, maana mtu hawezi kufikiri vizuri huku anaogopa uso wake mwenyewe. Futa kamasi. Nawa uso. Ikiwa mifupa ilivunjwa ili kuipunguza upana, ilishika ndani ya wiki 6 hivi, na sasa ni miezi 9. Ncha inayolala ukiibonyeza kisha ikarudi yenyewe bado ina kitu kinachoirudisha. Ncha ya pua ambayo haijaguswa na kisu nayo hulala ikibonyezwa. Hukuwahi kuijaribu kwa sababu hukuwa na wasiwasi nayo.

Pua haiporomoki usiku mmoja bila sababu. Zile nilizoona zikididimia kwa haraka zilikuwa na kitu kilichozifikisha hapo: pigo kubwa, usaha, au damu iliyojikusanya ndani ya ukuta wa kati, ule unaotenganisha matundu mawili. Hiyo damu ndiyo ya kuogopwa kweli, kwa sababu gegedu, kile kitu kigumu kinachonepa ndani ya pua, halina mishipa yake ya damu, linakula kutoka kwenye utando uliolifunika. Damu ikiingia kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula na linaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtu aliyegongwa pua akaona matundu yote mawili yameziba, ndani kumevimba, kuna maumivu yanayozidi au homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Wewe hujasema lolote la namna hiyo. Unachoeleza ni mabadiliko ya polepole, na polepole inatupa nafasi ya kufikiri.

Sasa tuone kilichotokea. Weka kidole kwenye mgongo wa pua, katikati ya macho, ukiteremshe taratibu. Mwanzoni unagusa kitu kigumu, hiyo ni mifupa. Ukifika karibu theluthi moja ya safari ugumu unaisha na kidole kinakutana na sehemu inayonepa kidogo. Hapo mifupa imekoma na gegedu limeanza, lile lile la aina inayosimamisha sikio lako. Theluthi ya kati ina magegedu mawili mapana yaliyoegemea ukuta wa kati kila upande, kama paa la pande mbili. Theluthi ya chini ina mengine mawili yaliyopinda, moja kila tundu, na hayo ndiyo yanayounda ncha. Juu ya yote ngozi imetandazwa kama turubai juu ya nguzo.

Daktari anapoondoa nundu, anachokata ni kilele cha lile paa. Akimaliza bila kuliunganisha tena paa na ukuta, au bila kuweka kitu cha kulishikilia, magegedu ya kati huanza kuteleza kuelekea ndani kadiri kovu linavyokaza. Mifupa inabaki mahali pake. Pale mifupa inapokoma na gegedu lililodidimia linapoanza, mwanga wa juu unatupa kivuli, na ukikiangalia kwa mbele ni V iliyopinduliwa kama ulivyoandika. Wapasuaji wa pua nao wanakiita hivyohivyo. Kwa hiyo ule mstari na kule kuziba, kwa jinsi ulivyoeleza, naona ni tatizo moja: macho yanaliona kama kivuli, mapafu yanalihisi kama pumzi iliyobanwa.

Hapo ndani, gegedu la kati linapokutana na ukuta, ndipo njia ya hewa inapokuwa nyembamba kuliko kwingine kokote puani. Vitabu vingi hutaja pembe ya nyuzi 10 hadi 15, na kwenye pua pana huwa kubwa zaidi. Sehemu ndogo kiasi hicho haivumilii kupotezewa hata milimita moja. Kwenye mrija ulionyooka, ukipunguza upana wa shimo kwa nusu, ukinzani unapanda mara 16. Pua haijanyooka kama mrija, hesabu yake ina mengine mengi, lakini ndiyo maana badiliko ambalo kioo kinalionyesha kwa shida linamfanya mtu alale mdomo wazi. Tena unapovuta pumzi kwa kasi, hewa inayopita hapo inanyonya kuta kuja ndani. Ukuta wenye nguvu unakataa. Uliopunguzwa unakubali. Ngazi zako zimekuambia ukweli.

Kuna jaribio dogo la kufanya nyumbani. Zipo plasta za kubandika juu ya pua usiku, zile zenye utepe mgumu unaotanua pua kwa nje. Bandika moja, lala nayo, uone. Ukipumua vizuri zaidi ukiwa nayo, ni dalili kwamba kuta zinahitaji kushikiliwa. Jaribio lenye uhakika zaidi ni la daktari: anaingiza kijiti chembamba chenye pamba, anaegemeza ukuta wa pua kutoka ndani bila kuutanua sana, anasema vuta pumzi. Anaanza sehemu ya juu, kisha kwenye bawa la chini, yaani ubavu wa nje wa tundu. Mgonjwa mwenye tatizo hili hufungua macho ghafla. Wengine wanatokwa na machozi, kwa sababu hewa wameisikia imepita baada ya miezi mingi ya kuambiwa ni mawazo yao tu. Mahali kijiti kilipoleta hewa ndipo panapohitaji nguzo. Mwombe daktari yeyote atakayekuona akufanyie hivyo, na atazame kwa kamera nyembamba ukuta wako wa kati kama umepinda au una tundu. Tundu la ukutani lina dalili zake, mluzi ukipumua, magamba makavu, damu kidogokidogo.

Suala la kusubiri. Aliyekupasua amekuambia usubiri, na kwa hilo nakubaliana naye, ingawa alipaswa kukueleza unasubiri nini. Kanuni ya kawaida ni miezi 12 kamili kabla ya upasuaji wa marudio, na kwa mwenye ngozi nene ya pua, hasa kwenye ncha, hata 18 au zaidi. Uvimbe wa ndani hauonekani kama uvimbe, unaonekana kama umbo. Mtu anafikiri hiyo ndiyo pua yake mpya, kumbe sehemu ya anachokiona bado ni maji na kovu changa.

Nitakuambia kwa nini nalisisitiza. Mwaka wangu wa tatu kama mpasuaji alinijia dada wa umri wako, mwezi wa 7 baada ya upasuaji aliofanyiwa kwingine. Alilia chumbani kwangu, alikuwa na harusi ya mdogo wake mbele yake, nikakubali. Nilipofungua nilikuta tishu zote zimeshikana, nyekundu, zinavuja damu kila nilipogusa, na nilishindwa kutofautisha gegedu na kovu kwa macho. Niliweka kipande kilichoonekana kutosha siku ile. Uvimbe ulipokwisha, mwaka mmoja baadaye, ukingo wake ulikuwa unaonekana chini ya ngozi kama kona ya kadi. Ilibidi apasuliwe mara ya tatu, na mkubwa wangu wa kazi, mimi nikisimama pembeni nikishika taa. Yule dada alinisamehe. Mimi tangu siku ile sipasui marudio kabla ya mwaka isipokuwa kuna usaha, kuna pandikizi linalotokeza nje ya ngozi, au mtu hapati hewa kabisa.

Kwa hiyo una miezi 3 angalau, na si miezi ya kukaa tu. Kwanza, omba taarifa yako ya upasuaji. Ni haki yako, na ni karatasi yenye thamani kuliko picha yoyote. Ninachotaka kusoma humo ni iwapo mifupa ilivunjwa, iwapo gegedu la ukuta wa kati lilichukuliwa na kiasi gani, iwapo la ncha lilipunguzwa, na iwapo kuna kitu kiliwekwa. Bila karatasi hiyo daktari wa pili anaingia nyumba ya watu gizani. Pili, piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, mbele, pembeni na kutoka chini, uso bila tabasamu. Usipige kila siku. Mwanangu, picha za kila siku zitakutesa na hazitakuonyesha kitu. Safisha ndani kwa maji ya chumvi ya dawa. Zile dawa za kupulizia za kufungua pua haraka usizizidishe siku 3 hadi 5, zikizoeleka zinaziba pua kuliko mwanzo. Na kama unavuta sigara au kifaa chochote chenye nikotini, acha sasa, maana nikotini inabana vijishipa vinavyolisha ngozi, na ngozi ya pua iliyokwisha kufunguliwa mara moja haina akiba ya kupoteza.

Nafika kwenye silikoni, na hapa sitazunguka. Kwa pua yako, kwa uliyonieleza, sikushauri. Silikoni imewekwa kwenye pua nyingi sana duniani, hasa Asia Mashariki, na wengi wanaishi nayo vizuri. Lakini wengi wao ni pua ambazo hazijawahi kupasuliwa na zilikuwa zikiinuliwa. Wewe una ngozi iliyokwisha kuinuliwa na kujaa kovu, na kitu kigeni chini ya ngozi ya namna hiyo kina nafasi kubwa zaidi ya kupata vijidudu au kutoboa kikatokeza, hata baada ya miaka. Zaidi ya hapo, silikoni iliyolala juu ya mgongo wa pua inaweza kuficha ile V, lakini haifungui mlango wa hewa ulio chini yake. Utakuwa na picha nzuri na mdomo wazi usiku. Na daktari anayeweza kukupanga mwezi ujao bila kuuliza taarifa ya upasuaji wa kwanza, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani, amenitia shaka.

Upasuaji wa kwanza ulitoa. Wa pili kazi yake ni kurudisha. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, maana watu wengi wanarudi mezani wakidhani wanaenda kupunguziwa kidogo hapa na kidogo pale, na kila kupunguza kunaiacha pua na nguzo chache zaidi. Kinachohitajika kwako huenda ni vipande viwili virefu vyembamba vya gegedu, mfano wa njiti bapa, vinavyowekwa kati ya ukuta na yale magegedu ya paa, kimoja kila upande, vikashonwa kwa uzi. Vinatanua pembe ile na kuinua kivuli kwa pamoja. Njia hii ilielezwa na Jack Sheen mwaka 1984, na aliieleza kwa watu kama wewe hasa, waliobanwa baada ya upasuaji wa pua. Kama bawa nalo linanyonywa, litaongezewa kipande cha kulikaza.

Vipande hivyo vinatoka mwilini mwako. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni ukuta wa kati, maana uko hapohapo, umenyooka na ni mgumu wa kutosha. Lakini ukuta ule hauchukuliwi wote. Lazima ibaki fremu yenye umbo la L, yenye upana wa walau sentimita 1 juu na sentimita 1 mbele, la sivyo ndipo pua inapodidimia kweli. Kama wa kwanza alishachukua, tunakwenda sikioni. Gegedu la bakuli la sikio linatolewa kwa mkato uliofichwa nyuma, na sikio kwa kawaida linabaki na sura yake. Tatizo ni kwamba limepinda na ni laini. Linafaa sana kwenye ncha na bawa, halifai sana mahali panapodai nguzo iliyonyooka.

Ubavu, basi. Ndiyo, ni kweli, na sijui nani alikutisha nao. Hatuvunji mbavu zako, tunachukua sehemu ya gegedu inayounganisha ubavu na mfupa wa kifua, mara nyingi wa 6 au wa 7, kwa mkato wa sentimita chache ambao kwa wanawake hufichwa chini ya titi. Kinachotoka ni cheupe, kina unyevu, kisu kinapita kama kwenye sabuni ngumu. Kabla ya kufunga kifua tunajaza maji kwenye kidonda na daktari wa usingizi anajaza mapafu hewa, sote tunatazama kama kuna povu. Lisipotoka povu, utando wa mapafu uko salama. Nakuambia haya yote kwa sababu hatari ya kutoboa utando huo ipo, ni ndogo, na uijue kabla ya kusaini.

Shida kubwa ya gegedu la ubavu ni kupinda. Kipande ulichokinyoosha saa 3 asubuhi kinaweza kuwa upinde saa 4. Gibson na Davis walieleza sababu mwaka 1958: tabaka la nje linavuta tofauti na la ndani, ukikata upande mmoja tu unaliachia la upande wa pili livute peke yake. Kwa hiyo tunachonga kutoka kiini, tunapunguza pande zote sawasawa, kisha tunaviloweka vipande kwenye maji ya chumvi na kusubiri nusu saa. Ni nusu saa ya kimya katika chumba cha upasuaji. Nikiinua kila kimoja kwenye mwanga, kuna kile kilichokaa na kuna kile kilichojikunja. Kilichojikunja hakiingii puani kama nguzo. Ukikutana na daktari wako muulize anafanya nini kuzuia kupinda. Sikiliza kama ana jibu lake mwenyewe.

Utaumwa zaidi kifuani kuliko puani, hasa ukikohoa, kwa siku kadhaa hadi wiki chache. Na pua itakuwa ngumu kuliko uliyozaliwa nayo. Ncha iliyojengwa kwa nguzo imara haichezi ukitabasamu, mdomo wa juu unakuwa mzito kwa miezi, wengine inawakera wakimbusu mtoto shavuni. Wagonjwa wangu wengi wanakubali kubadilishana ulaini kwa hewa. Wachache wangeambiwa mapema wangekataa, na hao nina wajibu nao vilevile.

Mwambie dada yako hofu yake ina msingi. Ripoti nyingi hutaja watu 5 hadi 15 kati ya kila 100 wanaorudi baada ya upasuaji wa kwanza, na marudio ni kazi ngumu zaidi, inachukua saa nyingi, na matokeo yake hayatabiriki kama ya mwanzo. Lakini "iache" ni ushauri wa pua isiyopendeza. Yako haipitishi hewa. Kama ingekuwa ni kivuli tu ningekuambia kaa nacho mwaka wa pili uone kama bado kinakusumbua.

Daktari, mimi ni kijana wa miaka 26. Baada ya upasuaji nimebaki na kishimo upande mmoja wa mgongo wa pua. Mahali ninapotengenezwa nywele na uso kuna mtu anachoma sindano za kujaza, anasema ni dakika 10 na hakuna kisu. Ana picha nyingi za watu aliowafanyia. Nifanye?

Usifanye, kijana wangu. Naomba uniamini kwa hili hata kama barua yangu kwako ni fupi.

Mishipa midogo ya damu ya pua ina njia inayounganika na ile ya jicho. Dawa ya kujaza ikiingia ndani ya mshipa badala ya pembeni yake inaweza kuziba damu, ngozi ikafa, au mtu akapofuka, na kuona huko mara nyingi hakurudi tena. Pua ni kati ya sehemu za uso zenye hatari kubwa zaidi kwa sindano hizi hata ikiwa haijaguswa. Iliyopasuliwa ni mbaya zaidi: mishipa imehama, mingine imekatwa, kovu limeishikilia isiweze kukwepa sindano. Hata daktari anayeijua pua kwa miaka huchoma hapo kwa woga mkubwa, kwa dawa inayoyeyushika tu, ile ya asidi ya hayaluroniki, na kimeng'enya cha kuiyeyusha kiko mezani tayari. Muulize huyo wa dakika 10 kimeng'enya chake kiko wapi.

Kishimo chako kipimwe na aliyekupasua. Kama hujafika mwaka, huenda upande wa pili ndio bado umevimba. Inatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mama Daktari, shikamoo. Naandika kwa niaba ya dada yangu, bila yeye kujua, unisamehe. Amepasuliwa pua mara 3 na anatafuta pesa za mara ya 4. Sisi nyumbani tunaona pua nzuri tu. Anapumua vizuri, hilo nimemuuliza. Lakini ameondoa vioo vyote isipokuwa kimoja cha mkononi, anakiangalia usiku kucha, anapima matundu kwa rula. Ameacha kazi. Tukimwambia ni mzuri anakasirika. Tumwambie nini?

Marahaba. Huna cha kusamehewa, umefanya la mtu anayempenda nduguye.

Acheni kumwambia ni mzuri. Najua inauma kusikia hivyo, lakini kila mnapomwambia, anasikia kwamba hammwoni. Anachokiona kwenye kile kioo kwake ni kweli kabisa. Upo ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu au wanaona kidogo sana. Unamla saa nyingi kila siku, unamtoa kazini, na pua ni moja ya sehemu ambazo ugonjwa huo huziandama sana. Sijamwona dada yako, siwezi kusema anao. Lakini rula, kioo cha usiku na kuacha kazi ni mambo yanayotaka daktari wa akili amwone kabla ya mpasuaji yeyote. Ugonjwa huo una tiba: mazungumzo ya kitabibu yenye mpango maalumu, na dawa za kundi la zile zinazotumika kwa sonona. Kisu hakiuponyi. Mara nyingi kinahamisha tu kasoro kutoka mahali pamoja hadi pengine, kutoka mgongo hadi ncha, kutoka ncha hadi tundu la kushoto.

Nimewahi kukataa watu wa namna hii vibaya, kwa sentensi moja mlangoni, nikidhani nimewakinga. Walikwenda kwa mwingine wiki hiyohiyo. Siku hizi nafanya hivi: nakaa naye saa nzima, napima pumzi zake, namwonyesha kwa kamera ndani ya pua yake, namwambia bila kuficha kwamba baada ya mara 3 ngozi ni nyembamba, damu inafika kwa taabu, na mara ya 4 inaweza kuitoboa. Hiyo ni kweli na haina tusi ndani yake. Kisha namwambia kwamba nina mwenzangu anayeshughulikia mateso haya anayoyapata usiku, sisemi "huna kitu". Wengi wanakubali mateso hata wakikataa ugonjwa.

Kwa hiyo siku akiwa ametulia, mwulize usiku unakuwaje, usimwulize pua. Mwambie umeona halali usingizi, umeona kazi imekwenda, na kwamba utakwenda naye. Akikubali kumwona daktari wa pua kwanza, sawa, mpelekeni huko, bora awe anayejua kusema hapana na kumwelekeza kwa mwenzake. Abebe taarifa za upasuaji wote 3 na picha zake, na ile ya kabla ya mara ya kwanza aiweke juu ya zote kwenye bahasha.